Amina ya Mashavu

Nilikuwa mwembamba sana. Kila nikitoka Kitale kwenda nyumbani Bungoma, mama ananiuliza, "Mwanangu, huko unakula kweli?" Na si mnajua, kwetu mtu akikonda watu wanaanza kunong'ona ugonjwa. Nikanunua vidonge vya kunenepa bila kuandikiwa na daktari. Kumbe ni dexamethasone. Baada ya wiki kadhaa uso ukajaa, ukawa mviringo. Mama akasimama kanisani akamshukuru Mungu kwa ajili ya mashavu yangu. Nami nikaitikia, "Amina!"

Hiyo Amina ndiyo inanisumbua. Dawa ile huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, na misuli yenyewe huidhoofisha. Yaani nilionekana nimejaa wakati ninaisha.

Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, hakusema hayana. Kula maharagwe, mayai na omena, kisha ukanyanyua vyuma, sioni dhambi. Lakini je, ukinyamaza mwingine akishuhudia jambo unalojua si kweli, umedanganya? Mimi naona ndiyo.

Daktari amenipunguzia vidonge polepole, maana kuviacha ghafla ni hatari. Uso umerudi ulivyokuwa. Mama bado sijamwambia. Jumapili ijayo naenda Bungoma.