Picha Haili Kiapo

Ghorofa la Sinza au Mbagala, jijini Dar es Salaam, likiwa limepitia mikononi mwa mhandisi, huweza kusimama kwenye kompyuta kabla halijasimama kiwanjani. Humo boriti na nguzo hazina unene: kila moja ni mstari kati ya nukta mbili, upana na kimo chake vikiwa namba zilizoandikwa pembeni. Programu ikimaliza kukokotoa, mistari hiyo huvikwa rangi na mikunjo, na mhandisi husema ameona jengo linavyobeba mzigo. Nadai hajaona, amesimuliwa. Na anayepokea simulizi ana wajibu wa kuihoji.

Chukua boriti ya mita 6 iliyokalia nguzo mbili bila kukazwa miishoni, ikibeba kilonyutoni 20 kwa kila mita. Zidisha mzigo kwa urefu, uzidishe tena kwa urefu uleule, kisha ugawe kwa 8: nguvu ya kuipinda katikati ni kilonyutoni-mita 90, na miishoni ni sifuri. Sasa boriti hiyo ikichorwa kama kipande kimoja, na programu ikaunganisha thamani za miisho miwili kwa mstari ulionyooka, kioo cha kompyuta kitaonyesha sifuri mwanzo hadi mwisho. Hesabu ya miishoni haina kosa lolote; kilichofichika ni pale hasa nondo za chini zinapohitajika. Rangi nazo aghalabu hupimwa kwa thamani kubwa kuliko zote katika mchoro, hivyo nyekundu yaweza kuwa salama na buluu ikawa hatari. Hata kule kupinda kunakotisha kwenye kioo huwa kumekuzwa makusudi, la sivyo jicho lisingekutambua.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume hawakulipokea neno kwa uzuri wake tu. Waliuliza limepitia kwa nani. Mchoro nao una sanadi yake, yaani mnyororo wa waliousimulia: nani aliamua boriti imekazwa au imekalia tu, nani alikadiria mzigo, nani alichagua idadi ya vipande na kipimo cha rangi. Atasema mtu kwamba programu hizi zimejaribiwa dunia nzima, na mkono wa binadamu hukosea zaidi. Ni kweli, lakini msimulizi mwaminifu hujibu alichoulizwa, na swali limetungwa na mtu. Mwingine atasema nyumba nyingi za Tandika na Manzese hujengwa na mafundi wasiogusa kompyuta, kwa hiyo haya ni mambo ya wachache. Lakini fundi akisema nondo zinatosha, kauli ni yake na anajulikana. Kioo humpa msomi nafasi ya kusema "programu imekubali", kana kwamba kukubali si kazi yake.

Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Sisemi mchoro ndio ulioua. Nasema waliofikishwa mahakamani walikuwa watu. Wahandisi wetu, wanaosajiliwa na Bodi iliyoundwa kwa sheria ya 1997, hula kiapo, na kiapo hakikaimishwi. Kwa hiyo kukokotoa kwa mkono boriti moja au mbili kabla ya kutia saini si ushamba wala kuidharau teknolojia. Ndiyo njia ya kuifanya kauli ya kioo iwe kauli yako, na asiyeweza kufanya hivyo hana haki ya kusema anajua.