Mfumo Mgeni Katika Mwili Usiouzoea

Kompyuta ikikwama inapobuti mfumo ambao haikutengenezewa, swali la kwanza ni la fundi, ila ndani yake mna swali la wanafalsafa: kosa liko katika mwili, katika kile kilichoingizwa, au katika kukutana kwao?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 nayo haizikubali rasmi kompyuta zisizo na TPM 2.0, wala karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Laptopu ya mtumba ya umri huo ikifika Malindi au Kilifi haijaharibika, imekataliwa tu. Ndipo mwenyewe anapoletewa Linux kwenye flashi.

Mara nyingine nembo hutokea, mistari myeupe ikapita mbio, kisha skrini ikawa nyeusi huku feni ikizunguka. Fundi hodari haizimi laptopu papo hapo. Hubonyeza kitufe cha herufi kubwa na kukitazama kijitaa chake. Kikiwaka na kuzimika kwa kila mbonyezo, mfumo uko hai na kilichopotea ni picha: kiini cha mfumo (kernel) hakijaelewana na kadi ya michoro. Kikipepesa chenyewe bila kuguswa, kiini ndicho kilichoanguka. Kwa hali ya kwanza huongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kubutia, ili kiini kisijitwalie kadi hiyo bali kitumie picha iliyokwisha kuandaliwa na baiosi. Kwa hali ya pili hutengeneza flashi upya, huchomoa kipande kimoja cha kumbukumbu, huhuisha baiosi, na kila mara hugusa kitu kimoja tu. Akibadilisha viwili kwa pamoja na mashine ikawaka, hatajua kipi kilichoiponya.

Aristotle, alipoandika juu ya nafsi, aliwapinga waliofuata hadithi za Pythagoras kwamba nafsi yoyote yaweza kuvaa mwili wowote. Kwake hilo lilikuwa kama kusema useremala waweza kuingia ndani ya zumari. Kila ufundi una vyombo vyake, na kila nafsi ina mwili wake. Hoja hiyo ni nzito, lakini inalifunga jambo mapema mno. Laptopu iliyokufa asubuhi ikawaka jioni kwa neno moja haikuwa zumari mikononi mwa seremala. Mwili ni ule ule na mfumo ni ule ule. Kilichorekebishwa ni namna ya kukutana.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, anasaidia zaidi. Kwake mwili hupata nafsi pale mchanganyiko wake unapokuwa tayari kuipokea. Utayari ndio wa kuangaliwa, na kazi nzima ya fundi ni kuutafuta. Kwa hoja hiyo hiyo Ibn Sina alikataa tanasukhi, yaani nafsi kuhama mwili hadi mwili: mwili ulio tayari umekwisha pata nafsi yake, na haiwezekani mbili zitawale pamoja, kwa kuwa kila mtu hujitambua kuwa ni mmoja. Hata kompyuta yenye mifumo miwili katika diski moja hutawaliwa na mmoja kwa wakati mmoja.

Pwani ina kisa kinachoitia hoja hiyo katika mtihani. Mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti: mwenyewe yupo, na mgeni amemkalia. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyefanya utafiti kwa Wagiriama wa bara ya Kilifi miaka ya 1960, aliandika mwaka 1972 juu ya watu walioambiwa na waganga kuwa ugonjwa wao unatokana na pepo wa Kiislamu. Pepo hao hawataki mnazi wala kibudu. Wagonjwa waliviacha, na kusilimu kukawa ndiyo tiba. Janet McIntosh, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu Malindi, alieleza juu ya Wagiriama ambao miili yao ilitapika vyakula vilivyokatazwa ilhali wenyewe hawakutaka kuwa Waislamu.

Mganga humuuliza pepo jina lake, kabila lake na anachotaka, kama fundi anavyousoma mstari wa mwisho kabla skrini haijafunga giza. Hadi hapo njia ni moja. Zinapoachana ni katika kuamua upande upi ubadilike. Fundi akiliacha nomodeset libaki daima, picha ikawa hafifu, laptopu haina la kusema; anayeridhika au kukataa ni mwenye laptopu. Kwa aliyepandwa, kiti na mwenye kiti ni mtu mmoja, na mwili wake kuweza kuzoea sharti la pepo hakumaanishi kwamba amelikubali. Swali la upande upi ubadilike ni lake kulijibu. Waliosilimu walilijibu kwa njia moja, na wale wa Malindi, waliotapika wakakataa, kwa nyingine.