“Tumwachie Mungu”: Ni Imani au Ni Kumjaribu?



Vijana wenzangu wa Jimbo la Mbinga, na ninyi mliotoka huku mkaenda kutafuta maisha Songea, Dar na kwingineko, leo tuongee jambo ambalo kwenye mafundisho ya wachumba huwa linaulizwa mwishoni kabisa, tena kwa sauti ya chini. Kaka anauliza: “Kama Mungu ndiye anayetoa watoto, sisi ni nani hata tupange? Si ametuamuru tuzae tuijaze dunia?” Dada aliyekaa pembeni yake ananyamaza. Mimi huwa namwangalia huyo dada.

Tuanze na amri yenyewe, Mwanzo 1:28. Soma vizuri: kabla ya kuagiza, Mungu anabariki. Anawabariki wawili, mwanamume na mwanamke, wala hatajiwi mmoja kuwa msemaji wa mwenzake. Idadi haipo. Na ukigeuza ukurasa, 2:15, mtu huyohuyo anawekwa bustanini ailime na aitunze.

Wamatengo hawahitaji kuelezwa sana hapa. Milima yetu ni mikali, na mvua ni ya Mungu, hakuna anayebisha. Lakini wazee wetu hawakukaa wakasema “tumwachie Mungu” huku udongo unateremka bondeni. Wanaume walifyeka nyasi wakazipanga miraba, wanawake wakachimba na kuzifukia, tukapata ngoro: mashimo yanayoshika maji na matuta yanayozuia udongo. Je, anayechimba ngoro amemnyang’anya Mungu mvua yake? Na ndugu zetu wa Lituhi na Mbamba Bay, mvuvi anapiga ishara ya msalaba, halafu anaangalia upepo kabla ya kusukuma mtumbwi. Hivyo viwili havigombani.

Sasa fungua Mathayo 4. Shetani anampandisha Yesu juu ya hekalu na kumwambia ajirushe, kwa sababu malaika wa Mungu watamdaka. Angalia ujanja: anatumia Zaburi, Neno la Mungu kabisa! Yesu anakataa, anasema hairuhusiwi kumjaribu Mungu. Kwa hiyo mtu anaweza kushika andiko la kweli na bado akakusukuma kwenye shimo.

Chukua mama aliyekwisha kupasuliwa mara tatu, ana presha, daktari amewaambia wote wawili kwamba mimba nyingine ni hatari. Mume anarudi nyumbani anasema, “Mungu ni mwenye enzi.” Ni kweli, ni mwenye enzi. Lakini anayepanda juu ya hekalu hapo ni nani, na anayerushwa ni nani? Januari 2015, akirudi kutoka Manila, Papa Fransisko alisimulia habari za mama aliyekuwa na mimba ya nane baada ya kupasuliwa mara saba. Alimkemea, akamwuliza kama anataka kuacha yatima saba, na akasema huko ni kumjaribu Mungu. Papa huyo!

Wengine watanikumbusha hayati Rais Magufuli, aliyesema mwaka 2018 kwamba wanaopanga uzazi ni wavivu wanaoogopa kulisha watoto. Ile ilikuwa hoja ya kiongozi wa nchi. Fundisho la Kanisa ni jingine. Paulo VI, katika Humanae Vitae ya mwaka 1968, alifundisha kwamba wanandoa wanaweza kwa ukarimu kupokea watoto wengi, na wanaweza pia, kwa sababu nzito, kuahirisha mimba kwa muda au hata bila kikomo. Alichokataa ni kulifanya tendo la ndoa lenyewe kuwa tasa. Njia inayobaki ni kufuata majira ambayo Muumba ameyaweka mwilini mwa mwanamke.

Hapa ndipo wanaume wengi wanapopoa. Yai huishi kama siku moja, mbegu ya mwanamume huweza kuishi hadi siku tano. Kwa hiyo kila mzunguko una siku chache za rutuba, na ukiwa na sababu ya kuahirisha mimba, siku hizo mnajizuia. Mtume Paulo, 1 Wakorintho 7:5, anataka hilo liwe kwa kupatana. Sasa mume anayesema “tumwachie Mungu” kwa sababu hawezi kusubiri siku kumi, tusiiite imani. Tuiite jina lake.

Lakini na wewe unayetaka mtoto mmoja tu ili ubaki na hela ya gari, usishangilie. Kanisa limesema sababu nzito. Mtoto si bili. Na kuna Hana wengi parokiani kwetu wanaolia mwaka baada ya mwaka. Mbele yao tusitaniane ovyo kuhusu uzazi.

Mliochumbiana, msisubiri mtoto wa tatu ndipo muulize. Njia ya Billings haifundishwi kwa kalenda ya kutumiwa WhatsApp; mwombeni paroko awaelekeze kwa mwalimu aliyefunzwa, na kama kuna ugonjwa, daktari naye asikilizwe. Nendeni wote wawili. Na kaka, daftari la kuandika dalili za kila siku lishike wewe.