Tiba ya Mnyonge na Maana ya Usawa

Neno "kichwamaji" twalijua sote tufundishao Kiswahili. Watoto hutupiana neno hilo uwanjani, na marehemu Euphrase Kezilahabi alilifanya kuwa jina la riwaya yake ya mwaka 1974. Lakini neno hilo lililo tusi ni jina la ugonjwa pia, na ugonjwa wenyewe umezusha, katika mji wa Mbale huku kwetu Uganda, swali la maadili ambalo halitaki kujibiwa kwa pupa: je, kumpa mtoto wa maskini tiba iliyo tofauti na ile ya mtoto wa tajiri ni kumdhulumu?

Ndani ya ubongo wa kila binadamu hutengenezwa maji maangavu, ambayo hupita katika vyumba vya ubongo, kisha hutoka na kunywewa na damu. Njia yake ikizibwa, maji hujikusanya. Fuvu la mtoto mchanga, kwa kuwa bado ni laini, hutanuka, na ubongo hugandamizwa. Wako wanaozaliwa na hali hiyo, na wako wenye mgongo wazi. Lakini uchunguzi wa watoto 300 waliotibiwa Mbale, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba 60 katika kila 100 waliupata baada ya kuambukizwa vijidudu, na wengi wao waliambukizwa katika mwezi wa kwanza wa maisha yao. Yaani mtoto alizaliwa mzima, akashikwa na homa, homa ikapoa, kisha mama akaona kichwa chaendelea kukua.

Tiba iliyozoeleka duniani ni kupitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ili maji yapate pa kwenda. Ni tiba njema. Ila mpira huo huweza kuziba au kuingiwa na vijidudu miezi au miaka baadaye, na ukiziba, mtoto hana budi kufikishwa kwa mpasuaji upesi. Mama wa Boston aweza kufika hospitalini kabla ya jua kuchwa. Mama wa Karamoja, ambaye nauli yake ni mbuzi asiyeuzwa bado, na njia yake imekatwa na mvua, atafika lini? Mtoto wake aweza kuuawa na umbali, wala si na ugonjwa.

Daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyehamia Uganda mwaka 2000 na kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, alilikabili jambo hili kwa njia mbili. Kwanza, alilinganisha mpira uliotengenezwa India, wa bei ya dola 35, na ule wa nchi tajiri, wa dola 650. Watoto 195 walifuatiliwa, na baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya maana. Pili, alijaribu kuuepuka mpira kabisa. Kwa kijibomba chenye taa alitoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo wenyewe, na papo hapo akaiunguza kwa umeme tishu inayotengeneza maji hayo. Mtoto akifanikiwa, haachiwi kitu cha kuziba mwilini mwake.

Hapa atainuka mtu na kusema: ndivyo maskini afanyiwavyo siku zote, hupewa cha rahisi na kuambiwa kwamba ndicho kimfaacho. Siwezi kumdharau msemaji huyo. Sisi walimu tumepokea vitabu vilivyotupwa na shule za ng'ambo, tukaambiwa tushukuru. Hata hivyo, naona anachanganya usawa na kufanana. Mwalimu aliye na mwanafunzi asiyeona mbali hamtendei haki kwa kumketisha nyuma pamoja na wenzake ati wote wawe sawa. Anachodai mtoto yule ni kusoma. Vivyo hivyo, anachodai mtoto wa Karamoja ni kuishi na kukua, wala si mpira ule ule wa mtoto wa Boston.

Lakini maneno "mazingira yenu ni tofauti" ni mlango ambao hata bahili aweza kupitia. Mpaka uko wapi basi? Kwa maoni yangu, uko katika kupima. Mwenye dharau hutoa cha rahisi asirudi kuuliza kilifanya nini. Mbale walirudi kuuliza. Watoto wachanga 100, waliopata ugonjwa baada ya maambukizo, waligawanywa kwa kura: wengine mpira, wengine njia mpya. Baada ya miezi 12 hawakuhesabiwa walio hai tu, bali walipimwa ukubwa wa ubongo na maendeleo ya akili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017: hapakuwa na tofauti iliyothibitika. Tiba ilishindwa kwa watoto 35 katika kila 100 wa njia mpya, na 24 katika kila 100 wa mpira, tofauti ambayo kwa watoto wachache namna ile yaweza kuletwa na bahati. Anayeisifu njia ya Mbale bila kuitaja hesabu hii haitendei haki. Na iko ishara nyingine: wapasuaji wa Amerika ya Kaskazini nao wameanza kuitumia njia hiyo kwa watoto wachanga wa kwao. Kilichodhaniwa kuwa cha maskini kimekubaliwa na wenye uwezo wa kuchagua.

Nafurahi kwa hayo, lakini furaha yangu ina mpaka. Katika jaribio lile, watoto wengi wa makundi yote mawili walibaki nyuma sana ya wenzao wazima. Kupunguza maji hakurudishi kilichokwisha kuliwa na vijidudu. Ndiyo sababu wengine waliuliza vijidudu hivyo ni vipi. Mwaka 2012 Steven Schiff na wenzake walionyesha kwamba ugonjwa huu nchini Uganda hufuata majira ya mvua, na mwaka 2020 walitangaza kwamba katika maji ya ubongo ya watoto walioambukizwa wamekuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus. Hapo hoja yangu yote juu ya tiba mbili zilizo sawa huishiwa nguvu, maana mtoto wa Boston haitaji njia hii wala ile kwa ugonjwa wa namna hiyo. Aghalabu haupati.