KUIHUISHA NAFSI MOJA



Mwenyezi Mungu Mtukufu ametufunza katika Suratul Maida, aya ya 32, ya kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Aya hii twaisikia sana juu ya mimbari, na aghalabu hutumiwa kuwakanya wauaji. Lakini sehemu hii haisemi na muuaji. Yasema nasi tusioua mtu, bali tunaopita njiani na mtu yuko chini.

Fikirini yatokeayo katika miji yetu. Mtu huanguka ghafula sokoni, au kivukoni Likoni. Punde watu humzunguka. Mmoja auliza ni mwana wa nani. Wa pili asema amelewa. Wa tatu asema ana pepo, aitwe mganga. Wa nne atoa simu, si kwa kuita msaada, bali kwa kumpiga picha. Watu arubaini wamesimama, wala hapana hata mmoja aliyepiga goti. Kila mmoja amngojea mwenziwe.

Kungojeana huku ndiko tunakotaka kukukataza. Wanavyuoni wametwambia kuwa kumwokoa mwenye kuhiliki ni fardhi kifaya: akiitekeleza mmoja, wengine imewaondokea, wakiiacha wote, kila aliyejua na akaweza ameingia dhambini. Basi wingi wa watu haupunguzi dhambi, bali waieneza. Na ikiwa hapana awezaye ila wewe, imekuwa fardhi ain juu yako. Imam Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), ameeleza kuwa kumwokoa anayezama hutangulizwa mbele ya sala, kwani sala yaweza kulipwa baadaye. Na aliyefunga Ramadhani, ikiwa hawezi kumwokoa ila kwa kufungua, na afungue.

Wako wasemao: ajali yake imefika, ni kadari. Twawajibu: kadari haijulikani mpaka imekwisha kuwa. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo ategemee. Na kupita kwako hapo wakati ule, je, si kadari? Wako wasemao: huyu ni mwanamke wa kando. Twawajibu: dharura ina hukumu yake, na roho ni nzito kuliko kugusa mkono. Wako wasemao: hana fedha, hospitali haitampokea. Twawajibu: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, imekataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

Tarehe 12 Juni 2021, mjini Copenhagen, mchezaji mpira wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka uwanjani na moyo wake ukasimama. Wenziwe hawakungojeana. Waliita matabibu papo hapo. Nahodha wao, Simon Kjær, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumfikia. Na wengine wakamzunguka na kumpa migongo, ili macho ya watu na picha visimfikie. Matabibu wakamkandamiza kifua na kuushtua moyo kwa umeme, na Mungu akamrudishia uhai; mwaka uliofuata akarudi kucheza. Tazameni, nao walifanya mduara, ila nyuso zao walizielekeza nje. Mduara wao ulikuwa sitara. Wetu ni tamasha.

Na la kufanya si gumu. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika kwa dakika chache tu. Basi mwiteni aliyeanguka. Ikiwa ni mtu mzima, haitiki wala havuti pumzi sawasawa, mmoja apige simu 999 au 112. Mwingine amlaze chali juu ya ardhi ngumu, aweke kitako cha kiganja katikati ya kifua, na mkono wa pili juu yake, akandamize kwa nguvu kadiri ya sentimita 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, akikiacha kifua kiinuke kila mara, wala asikome mpaka msaada ufike. Akiwa avuta pumzi lakini hana fahamu, alazwe kwa ubavu. Ama mwenye kifafa, asitiwe kitu kinywani wala asibanwe kwa nguvu. Aondolewe vitu vigumu vilivyo karibu naye, kisha alazwe kwa ubavu kikimtulia. Hapo hapana pepo, ni maradhi.

Msalaba Mwekundu na St John Ambulance huyafunza haya hapa Kenya. Kwa nini kila msikiti usitoe vijana wachache, waume kwa wake, wakasome? Sisi huwafunza watoto wetu kumwosha maiti, na ni vyema. Lakini ni aibu ilioje kwa umma kujua kumwosha aliyekufa, na usijue kumshika mkono anayekufa!

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutoe katika kundi la watazamaji, na atujaalie tuwe sababu ya uhai wa waja wake. Amin.