Adabu za Ndoo Moja

Ukihamia Singida kikazi, uwe mwalimu, muuguzi au ofisa wa halmashauri, watu watakusimulia habari za kuku, alizeti na asali mpaka uchoke. Habari ya maji hawatakusimulia, maana wameizoea. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na sehemu nyingi haivuki milimita 800 kwa mwaka. Ziwa Singidani liko pale pale mjini, linang'aa, lakini maji yake ni ya chumvi, hayafai kwa chai. Vijijini, chai unayokaribishwa mara nyingi imeanzia kwenye ndoo ya lita 20 iliyotoka kisimani kichwani mwa mtu. Adabu nyingi ninazotaka kukunasihi zinaanzia kwenye ndoo hiyo.

Piga hodi ukiwa bado nje ya ua, kisha usubiri uitikiwe. Ukishakaribishwa, mpe shikamoo mkubwa kwanza, na salamu uzimalize: za nyumbani, za watoto, za shamba, za mifugo. Anayetanguliza shida yake kabla ya kuuliza ng'ombe wameamkaje huonekana katumwa kudai kodi.

Kabla ya kula, mtoto atakuja na jagi na beseni kukunawisha. Hapo ndipo wageni wa mjini hujulikana. Mtu ananyoosha mikono na kuisugua taratibu huku maji yanamiminika, kana kwamba mtoto ni bomba. Wewe lowesha vidole, mwambie "ngoja kidogo, mwanangu", paka sabuni, sugua mpaka kwenye kucha, ndipo umwambie amimine tena. Glasi moja ya maji inatosha kabisa. Na umshukuru, maana huenda ndiye aliyekwenda kisimani.

Kama hunywi chai, au umefunga, sema kabla sufuria haijainjikwa. Kukataa kikombe kilichokwisha kumiminwa ni kumwaga maji, kuni na sukari ya watu kwa mkupuo mmoja. Mwenye kisukari naye asione haya kusema mapema, kwa kuwa nyumba nyingi sukari hutiwa humo humo sufuriani, na chai ikishakolea hakuna wa kuipunguza.

Tuje kwenye upishi. Majani ya chai hayalimwi Singida. Hutoka kwenye mvua na ukungu wa Mufindi, Njombe, Rungwe au Lushoto. Mji wa Singida uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na huko juu maji huchemka yakifika nyuzi joto 95 hivi, si 100. Ukiyamwagia majani maji ya chupa tu utapata chai legevu. Yachemshe sufuriani dakika kadhaa, kama wafanyavyo mama lishe wa stendi, ambao hawakuhitaji kipimajoto kulijua hilo. Tangawizi mbichi nayo ina vituko vyake: ukiitia kwenye maziwa ya baridi halafu ukabandika jikoni, maziwa hukatika. Ichemshe kwanza na maji, moto uue kile kimeng'enya kinachogandisha, ndipo utie maziwa, nayo yachemke sawasawa hata kama yamekamuliwa asubuhi hiyo hiyo. Chai usiiandamanishe na mlo wa mchana, kwa sababu huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage na mboga za majani. Mjamzito hasa aache saa nzima ipite.

Sasa niseme la meno, ambalo wengi hulipita kimya. Baadhi ya visima vya Singida vina floraidi nyingi, zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Basi usimhubirie mtu habari za mswaki, wala usimkodolee mdomo anapocheka. Wapo wanaoziba kicheko kwa kiganja mpaka utu uzima, na aliyewafundisha hivyo ni mtu fulani aliyedhani anatania. Kuchemsha hakuondoi floraidi; maji yanapopungua kwa mvuke, iliyobaki hukolea zaidi, na majani ya chai yana floraidi yake vilevile. Mwenye bati afunge mfereji akinge mvua, aache maji ya mwanzo yaoshe vumbi la paa, kisha yanayofuata ayatunze kwenye chombo chenye mfuniko kwa ajili ya kunywa na chai ya watoto. Ya kisima yafulie na kudekia.

Vumbi ni kesi nyingine. Kiangazi upepo wa Singida hauna utani. Fagia uwanja alfajiri kabla haujaamka, unyunyize kwanza maji uliyosuuzia vyombo, si ya kunywa, na utazame vumbi linaelekea mlango wa nani. Ugomvi wa majirani mara nyingi huanza na ufagio. Ndani, futa kwanza madirisha na makabati, sakafu iwe ya mwisho. Sufuria ya kwenye mafiga ipake nje tope jembamba au sabuni kabla ya kuinjika. Masizi yatashika hapo na kutoka kwa mkono mmoja. Yakigoma, majivu yaliyochekechwa yanasugua vizuri kwa maji kidogo. Chupa ya chai iliyoshika rangi ndani, itie konzi ya mchele mbichi, maji ya moto kidogo na ndimu, uitikise mpaka mkono uchoke. Mchele huo wape kuku. Jiki ibaki peke yake: usiichanganye na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi, maana hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Na maji yake usimwagie mpapai.

Ukienda kutembelea watu tena, beba kilo ya sukari au pakiti ya majani, umpe mama wa nyumba bila kutangaza. Usishangae ukirudi na asali, hasa pande za Manyoni na Itigi. Chombo chake usikirudishe kitupu. Hata vitunguu vitatu vinatosha. Asali hiyo ikiganda usidhani umepewa sukari guru: asali halisi huganda, iweke chombo chake kwenye maji ya uvuguvugu italegea. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe hata kwa ncha ya kidole, bibi aseme asemavyo, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga bado haliwezi kuvizuia.