Kijana Wetu Yuko Darasani. Je, Moyo Wake Uko Wapi?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, malalamiko ya wazee wetu katika pwani hii yalikuwa kwamba watu hawapeleki watoto wao skuli. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyapigia kelele mambo hayo katika gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa tangu mwaka 1932. Aliwaambia watu waziwazi kwamba Uislamu haukukataza elimu yoyote yenye manufaa, na kwamba umma unaoziacha elimu za dunia utakuja kuwa mtumwa wa wenye kuzijua. Wako waliomsikiliza, na wako waliomcheka. Yeye alifariki mwaka 1947, na miaka minne baadaye, mwaka 1951, ile skuli ya ufundi ya Waislamu iliyojengwa kwa michango ya Sultani wa Unguja, ya Aga Khan, ya Mabohora na ya wengineo, ikapokea wanafunzi wake wa kwanza. Leo pahala pale ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani. Skuli zimejaa wana wetu, wanawake kwa wanaume. Basi lile lililoombwa na wazee limepatikana, Alhamdulillahi.

Lakini kilichofika darasani ni kiwiliwili. Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza.

Mtazame mtoto wa mji wetu. Alfajiri aamshwa, aenda skuli, arudi adhuhuri au alasiri, avua nguo za skuli avaa kanzu, aenda chuoni, arudi magharibi, kisha akakabiliwa na kazi za skuli za kufanyia nyumbani. Muulize: “Umejifunza nini leo, mwanangu?” Atakujibu: “Hakuna.” Wallahi hasemi uwongo. Kisha mtazame kaka yake aliyeko chuo kikuu. Alama zake ndizo zilizomchagulia somo, wala si yeye, na hata leo hajui kwa nini alisoma. Haonekani darasani mpaka wiki ya mtihani, hapo ndipo azitafutapo karatasi za mwenzake azinakili. Na wengine wenye akili kali zaidi wamepata biashara: huwaandikia insha wanafunzi wa nchi za ng'ambo kwa ujira, ili wale wapate vyeti kwa kazi wasiyoifanya. (Nimeulizwa mara nyingi hukumu ya pesa hizo. Jawabu langu ni kwamba hiyo ni ghushi, na Mtume wetu alijitenga na mwenye kughushi.)

Watu wazima wakiyaona hayo husema: vijana wa siku hizi ni wavivu. Mimi sikubali. Kijana huyo huyo asiyeweza kuhifadhi nguzo za swala anaweza kukutajia wachezaji kumi na mmoja wa timu ya Uingereza, na umri wa kila mmoja, na bei aliyonunuliwa, na mabao aliyofunga mwaka juzi. Hakuna aliyemchapa bakora ayahifadhi hayo. Basi akili ipo, na hima ipo, ila mlango uliofunguliwa kwa mpira umefungwa kwa elimu. Inatupasa tuulize ni nani aliyeufunga.

Nami nitaanza na nafsi yangu, kwani si haki kumwonyesha mtu doa la kanzu yake na yangu ina tope. Yapata miaka ishirini sasa, nikiwa kijana ninayejiona nimesoma, nilikuwa nikifundisha chuo cha watoto. Jioni moja mtoto wa miaka tisa alikuwa akinisomea Suratul Ikhlas. Akafika kwenye jina Samad, akanyamaza, akainua uso akaniuliza: “Maalim, Samad ndiye yule mzee auzaye mkaa?” Kwani mtaani kwetu alikuwako mzee muuza mkaa aliyekuwa akiitwa Abdussamad, na watoto walikuwa wakilifupisha jina lake hivyo. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikaona nimefanyiwa stihizai, tena mbele ya wanafunzi, nikashika henzirani nikamchapa, nikamwambia: “Soma! Hukuja hapa kuuliza.”

Ndugu zangu, lile lilikuwa swali bora kupita yote niliyoulizwa mwaka ule. Mtoto alikuwa ameisoma sura ile labda mara elfu, na siku ile kwa mara ya kwanza akataka kujua asema nini anaposimama mbele ya Mola wake. Ningalimwambia kwamba Samad ni yule ambaye viumbe wote humkusudia kwa haja zao na Yeye hana haja na yeyote. Na yule mzee wa mkaa ni Abdussamad, maana yake ni mtumwa wa Samad. Ingalichukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na darasa lote lingaliondoka na elimu. Badala yake waliondoka wamejifunza jambo moja tu, nalo ni kwamba mwenye kuuliza hupigwa. Hakuna aliyeniuliza tena. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani ule ukimya ni adabu.

Mtoto yule aliendelea kuja miezi kadhaa, kisha akaacha. Mwaka jana alinijia, mtu mzima mwenye ndevu, amemshika mkono mwanawe mdogo. Akanibusu mkono, akasema: “Sheikh, nimekuletea huyu umfundishe. Lakini nakuomba jambo moja: akikuuliza, usimpige.” Sikuwa na la kumjibu ila machozi.

Basi tuiangalie njia ya Bwana Mtume (S.A.W.), naye ndiye mwalimu wa walimu. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Abdullahi bin Umar kwamba Mtume aliwauliza sahaba zake kitendawili: ni mti gani usiopukutisha majani yake, ambao mfano wake ni kama Mwislamu? Mawazo ya watu yakaenda kwenye miti ya jangwani. Ibn Umar, aliyekuwa mdogo wa waliohudhuria, ikamwingia moyoni kwamba ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Mtume akawaambia ni mtende. Kijana alipomweleza babake baadaye, Seyyidna Umar hakumsifu kwa kunyamaza kwake. Alimwambia kwamba lau angelisema, lingempendeza kuliko mali kadhaa wa kadhaa. Tazama mambo mawili hapa. Mtume angeliweza kuwaambia moja kwa moja wakasikia na kusahau, bali aliwatia hamu kwanza, nyoyo zikatafuta, kisha akawapa. Na mzazi alitamani mwanawe aseme. Ni wangapi kwetu wanaotamani hivyo? Sisi mtoto akisema mbele ya wakubwa twamwambia ana mdomo.

Huyu Umar ndiye, alipokuwa Khalifa, akimketisha Ibn Abbas, kijana, pamoja na wazee waliopigana Badri. Baadhi yao hawakupenda, wakasema nao wana watoto kama huyo. Siku moja akawauliza wote juu ya Suratu Nasri. Wengine wakasema tumeamrishwa tumsifu Mungu tukipata ushindi, wengine wakanyamaza. Ibn Abbas akasema ni ishara ya kukaribia kufa kwa Mtume, na Umar akasema yeye naye haijui ila hivyo. Kijana aliyepewa kiti akawa ndiye mfasiri wa umma huu.

Tena Ibn Masud alikuwa akiwaidhi watu kila Alkhamisi tu. Mtu mmoja akamwomba awaidhi kila siku. Akakataa kwa kuchelea kuwachosha, kwani Mtume mwenyewe alikuwa akiwachagulia siku kwa kuchelea hayo hayo. Na sisi twamfundisha mtoto kutoka alfajiri mpaka isha, kisha twastaajabu akisinzia!

Najua wako watakaonijibu kwa kisa cha Nabii Musa na Khidhr katika Suratul Kahf, kwamba mwalimu alimshurutisha mwanafunzi asiulize. Ni kweli, lakini isomeni aya yote. Alimkataza asiulize mpaka yeye mwenyewe amweleze khabari yake; na mwisho wa kisa akamweleza yote matatu, la jahazi, la kijana na la ukuta, moja baada ya moja. Aliakhirisha jawabu, hakuliua swali. Wala hakumpiga. Na Mtume wetu ameamrishwa katika Sura Taha aombe azidishiwe elimu. Basi ataombaje kuzidishiwa yule aliyezoezwa kwamba kutaka zaidi ni utovu wa adabu?

Juu ya fimbo nitasema machache. Serikali ya Kenya ilipoipiga marufuku maskulini mwaka 2001, wako waliosema kwamba hiyo ni desturi ya Wazungu tumeletewa. Hao hawajamsoma Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka 1406. Katika Mukaddima yake ameweka mlango mzima kueleza kwamba kumkazia mwanafunzi kunamdhuru, khasa mtoto mdogo: humwondolea uchangamfu, humtia uvivu, na humfundisha uwongo na hila, kwani huonyesha asilo nalo moyoni kwa khofu ya mkono ulioinuliwa, mpaka hayo yakawa ndiyo tabia yake. Na kauli aliyoinukuu ya mwanachuoni wa Kairawani ni kwamba hata ikilazimu kupiga yasizidi mapigo matatu. Na tazameni: uvivu, uwongo na hila ndiyo hayo hayo tunayowashitaki vijana wetu.

Tena ametaja jambo jingine lenye kutuhusu zaidi. Amesema kwamba njia nyepesi ya kuipata elimu ikawa ni kipaji cha mtu ni kuufungua ulimi kwa kujadiliana. Akawataja wanafunzi wa Maghribi ya zama zake waliohudhuria majilisi umri wao mwingi, wamenyamaza kimya, hawatamki, hima yao yote ni kuhifadhi. Wakimaliza, hawawezi kuitumia elimu yao wala kuifundisha. Muda wao katika madrasa ulikuwa miaka kumi na sita, na wenzao wa Tunis miaka mitano. Mwenye masikio na asikie. Ni miaka mingapi mwana wetu husoma chuo, akatoka hajui maana ya Attahiyatu?

Sisemi kuhifadhi si jambo la maana. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa kuhifadhi, na aliye na Kurani kifuani ana hazina. Nasema hazina iliyofungwa kwa kufuli isiyo na ufunguo haimlishi mwenyewe.

Wengine wameiona fimbo haifai, wakakimbilia zawadi. Nalo lina mtego wake. Mwaka 1973 wataalamu watatu huko Marekani walieleza jaribio walilolifanya katika skuli ya watoto wadogo wapendao kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti kizuri wakichora. Baadhi walipewa cheti baada ya kuchora bila ya kuahidiwa. Na baadhi hawakupewa kitu. Baada ya siku kupita walitazamwa wakiwa huru kuchora au kuacha. Wale walioahidiwa ndio waliopungukiwa na hamu. Wakachora kiasi cha nusu tu ya wenzao. Waliopewa kwa kushitukizwa hawakudhurika. Mimi naona hekima hapo: mpe mwanao tunu akifanya vizuri, lakini usifanye biashara naye. Ukimwambia kila siku “soma nikununulie simu,” umemfundisha kwamba kusoma ni taabu ambayo haivumiliki ila kwa malipo. Na mashindano yetu ya Kurani, ambayo mimi siyapingi, yangefaa yatazamwe kwa jicho hilo.

Na wazazi nao. Mtoto akirudi na karatasi ya matokeo, swali ni moja: “Umekuwa wa ngapi?” Hatumwulizi amefahamu nini, wala ataitumikia vipi jamii yake. Kisha akifika chuo kikuu akakosa nia, twamlaumu, na nia hatukumpa. Mtume ametufundisha kwamba amali ni kwa nia. Kijana anayesoma uuguzi kwa kuwa alama zilimpeleka huko, akiambiwa na babake kwamba mama zetu wanahitaji wauguzi wenye stara na huruma, na kwamba kila usiku wa kusoma ni ibada akikusudia hivyo, somo ni lile lile lakini moyo utabadilika.

Wala tusiwasahau binti zetu, ambao twawanyamazisha mara mbili, kwa utoto wao na kwa uke wao. Wanawake wa Madina walimwomba Mtume awape siku yao ya kufundishwa, akawapa. Na Bibi Aisha amewasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuifahamu dini yao.

Kwa hivyo darasa yetu ya baada ya magharibi, kuanzia mwezi mwandamo, itafunguliwa kwa maswali ya vijana kabla ya kitabu kufunguliwa. Kila mmoja aje na swali lake, la dini au la skuli. Nisilolijua nitasema silijui, na tutalitafuta pamoja juma lijalo. Kina mama na mabinti wana chumba chao na siku yao ni Jumatatu. Mzazi anayetaka kuketi nyuma na kusikiliza anakaribishwa, kwa sharti kwamba mwanawe akisema, asimkate. Yule mtoto mdogo aliyeletwa mwaka jana amekwisha niletea swali la kwanza, nalo ni kwa nini paka wa msikitini hatawadhi. Jawabu linamngoja.

Wabillahi taufiki.